Ombi la Kumfuta Jattani na Tairi Yake ya Spea

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Baiskeli za Alfajiri,
Isiolo.

Jumatano, baada ya swala ya adhuhuri

Mheshimiwa Mwenyekiti, Baba Kathure,

Salaam aleikum, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kanisa, habari yako pia. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti. Ukiisoma ukiwa juu ya ile baiskeli yako utaanguka, na mimi sitaki mke wako naye aanze kuandika barua.

KUH: KUMWONDOA JATTANI KWENYE SAFARI YA GARBATULLA JUMAMOSI HII, NA KUPIGA MARUFUKU TAIRI ZA SPEA

Mimi ni Bisharo, mke wa Jattani, yule mwanachama wenu mwenye kitambi na kofia ngumu ya kijani. Shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo ukiona nimekosea mahali, rekebisha huku ukiendelea kusoma. Naandika kwa heshima zote. Nimemwomba Mungu anizuie nisitukane, na mpaka hapa amenisaidia.

Nimesikia umeandika majina kumi na moja ya wanaume watakaoendesha baiskeli kutoka hapa hadi Garbatulla siku ya Jumamosi, na la Jattani ni la nne. Nataka lifutwe. Sababu zangu ni hizi.

1. Tairi yenyewe. Baiskeli mimi nimeziona tangu nizaliwe. Tairi iko nje, tyubu iko ndani, ikitoboka unaitoa, unabandika kiraka, unaendelea na maisha yako. Nyinyi mkaona hiyo ni baiskeli ya kubebea maji. Mkatafuta tairi nyembamba kama utumbo wa mbuzi, ambayo tyubu imeshonewa ndani kwa uzi kabisa, halafu tairi nzima inabandikwa kwenye rimu kwa gundi. Ikitoboka huwezi kuziba kiraka njiani. Unaibandua yote na kuvisha nyingine. Ndiyo maana kila mmoja wenu lazima atembee na tairi nzima ya spea, ameikunja chini ya kiti kama chapati za safari. Na mmeileta tairi hii Isiolo! Isiolo, Baba Kathure, ambapo mwiba wa mgunga unapita kwenye soli ya buti ya askari. Mtu anayeishi kwenye miiba akiwa na akili hutafuta tairi nene. Nyinyi mlikaa kikao, mkafungua kwa maombi, mkachagua nyembamba.

2. Gundi. Mzee wangu anapaka gundi kwenye rimu, anangoja ikauke, anapaka tena, anangoja tena. Subira hiyo mimi sijaionja kwa miaka ishirini na sita ya ndoa. Gundi inamshika vidoleni. Sasa nikueleze kitu, kwa sababu kwenu hakuna: maji ya udhu lazima yafike kwenye ngozi. Kukiwa na gundi hakuna udhu, na bila udhu hakuna swala. Kwa hivyo adhana ikilia, Jattani anakimbia kusugua vidole kwa mafuta ya taa, halafu sabuni, halafu ndio atie udhu. Anafika msikitini watu wako rakaa ya pili, naye ananuka kama stovu. Safu inatakiwa kushikana bega kwa bega, lakini yeye anaachiwa nafasi ya kupitisha punda. Siku ya hukumu nikiulizwa kwa nini mume wangu alikuwa akichelewa, nitasema muulizeni Baba Kathure, yuko upande ule.

3. Kunyoosha. Mlimwambia tairi mpya inakuja imebana, lazima inyooshwe kabla ya kuvishwa. Mzee wa miaka hamsini na tano akaingiza mguu ndani ya tairi, akaishika juu kwa mikono miwili, akaivuta hadi kidevuni akigumia kama ndama. Jirani yangu Farhiya alichungulia juu ya ua akaniita pembeni. Akaniuliza taratibu, kwa huruma kabisa, "Bisharo, Jattani anajaribu kuivaa?" Tangu siku hiyo Farhiya akikutana na mzee anamsalimia polepole, kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa. Na hapo bado sijataja zile kaptura zenu za kubana, kwa sababu kuna mambo ambayo mwanamke wa heshima hayaandiki.

4. Somo. Mwezi uliopita mlikuja kwangu saba, mkiongozwa na Abdifatah, huyo mnayemwita mwalimu wa tairi, kufundishana kuvisha spea. Abdifatah akasema, "Wazee, hii ni kazi ya dakika tano." Mlianza baada ya alasiri. Niliwapa chai, mkanywa. Niliwapa chai ya pili, mkanywa. Mmoja anavuta huku, mwingine anasukuma kule, tairi ikishika upande huu inaruka upande ule na kumpiga mtu puani. Wewe mwenyewe ulipiga magoti ukasema, "Jameni, tuombe kwanza." Jua likazama tairi ikiwa imekaa kama kilemba cha mlevi, mkasema inatosha, mkaliacha gurudumu uani mkaenda. Wanaume saba, mikono kumi na minne, gurudumu moja! Huko njiani Garbatulla, juani, kila mtu peke yake na mikono miwili, itakuwaje?

5. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba upanguse miwani.

Miezi miwili iliyopita, mkirudi kutoka upande wa Kinna, spea ya Jattani ililegea chini ya kiti, ikaning'inia, ikaingia kwenye spoki za gurudumu la nyuma. Gurudumu likakwama papo hapo. Baiskeli ikasimama na Jattani akaendelea na safari bila baiskeli. Alitua kwa bega na shavu. Siku hiyo hakuna aliyekuwa amepata pancha. Tairi ya kumwokoa ndiyo iliyomwangusha.

Nani aliifunga? Aliifunga mwenyewe, na wewe kama mwenyekiti uliikagua, ukaipiga kofi, ukasema, "Iko sawa, Mzee, twende."

Baba Kathure, kwetu mwanaume hafungi mzigo. Sisemi kwa dharau, ndivyo tulivyogawana kazi. Watu wakihama, nyumba nzima inapanda juu ya ngamia, miti, mikeka na vyombo vya maziwa, na anayefunga ni mwanamke. Wanaume wanatangulia na fimbo wakizungumza mambo makubwa. Mama yangu alinifundisha kule Korbesa nikiwa na miaka tisa. Ukilegeza kamba mahali pamoja tu, mzigo unazunguka unaingia chini ya tumbo, ngamia anatimua mbio, na maziwa yanamwagika mbele ya mama mkwe wako. Kwa hivyo tunafunga, tunatikisa, tunangoja ngamia ashushe pumzi, tunakaza tena. Ngamia ni mjanja, akifungwa anajaza tumbo. Hata tairi ni hivyo hivyo. Ukiikunja leo imefura, ikitikiswa njiani inapungua, na mkanda unabaki umekumbatia hewa.

Nyinyi mkachukua wanaume ambao mizigo yao yote tangu kuzaliwa ilifungwa na mama zao na wake zao, mkawapa mkanda mmoja wa ngozi, mkawaambia wafunge. Mzee aliufunga kama mtu anayefunga kamba ya kiatu akiwa na haraka ya chakula. Na wewe je? Wewe ni mtu wa Meru. Kwenu wanaume wanafunga miraa kwa majani ya ndizi, inarushwa juu ya gari, inapigwa na upepo safari nzima, inafika bila jani moja kudondoka. Ulikuwa na ujuzi huo nyumbani kwako, ukaona uupige kofi ukasema twende?

6. Simu. Siku hiyo ya kuanguka alinipigia Abdifatah. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama Sadiya, usishtuke, rimu haikupinda." Nikamuuliza rimu ya nani. Akasema, "Ya Mzee." Nikamuuliza, na Mzee mwenyewe? Akaenda kuangalia kwanza, halafu akasema, "Yuko hapa. Amekaa." Alikuwa amekaa, ndiyo, na mfupa wa bega umepasuka. Wiki sita nilimvisha shati kama mtoto. Wiki sita nilimkatia nyama. Daktari amemfungua bandeji juzi tu, na jambo la kwanza alilofanya kwa mkono huo mpya ni kuminya tairi kuona kama ina upepo. Hata bismillahi hakusema.

Mwenyekiti, mimi nina mume mmoja. Sina wa spea chini ya kiti. Hilo ndilo linaloniandikisha barua hii, hayo mengine ni mapambo.

Kwa hivyo naomba mambo yafuatayo, na nimeyafikiria vizuri nikiwa nimetulia.

Moja, jina la Jattani lifutwe.

Mbili, hata hao wengine kumi wakatazwe kubeba spea. Mtu asiye na spea hawezi kuangushwa na spea. Tena hataenda mbali. Atafika pale mwisho wa mji, atasikia pssss, atarudi nyumbani kwa miguu kabla chai haijapoa, na mke wake atamwona mzima.

Tatu, ukiendelea kufikiria utaona kwamba mtu asiye na tairi kabisa hapati pancha kabisa. Kwa hivyo tairi zote zitolewe. Gundi mkaitumie kubandika matangazo.

Nne, bila tairi gurudumu linabaki chuma cha kuchubua lami ya serikali. Nalo litolewe. Baiskeli isiyo na magurudumu haijawahi kumwangusha mtu tangu dunia iumbwe. Mzee wangu ataiweka kwenye kivuli cha nyumba, atavaa kofia yake ya kijani, atakanyaga mpaka atosheke, na mimi nitakuwa naona kichwa chake kutoka jikoni. Ukitaka kuja kukagua, karibu. Safari hii usipige kitu kofi.

Hayo ndiyo yangu. Najua mtasema huyu mama haelewi michezo. Sawa. Ninaelewa mifupa.

Nisalimie Mama Kathure, mwambie kitambaa chake cha meza kiko kwangu salama. Nisalimie Kathure na wadogo zake. Nisalimie wazee wote wa chama mmoja mmoja, hata wale wa kaptura. Abdifatah mwambie rimu haijambo, inaendelea vizuri, inawasalimu. Sadiya wetu naye anawasalimu, na Farhiya pia anaulizia hali zenu, kwa sauti ile ile.

Ni mimi, kwa heshima iliyobaki,
Bisharo, mke wa Jattani.

Tanbihi. Leo ni Alhamisi asubuhi. Nimefungua bahasha tena, kwa hivyo usishangae ikiwa imechanika.

Jana nilimwambia Jattani kwamba nimekuandikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Hakugomba. Alisema, "Sawa, Bisharo. Kama unaogopa, sitaenda." Akaitundika kofia msumarini, akaja kuketi jikoni, akavuta sinia akaanza kunisaidia kuchagua mchele. Mwanaume ambaye hajawahi kuchagua mchele. Alikuwa akitupa mchele na kubakiza mawe, na hakuwa akiongea.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, Baba Kathure. Hukumjua Jattani baada ya ule ukame. Ng'ombe wake walipokwisha, wa mwisho akiitwa Burre, alikaa mlangoni karibu miaka mitatu akiangalia ukuta wa jirani. Nikimwuliza jambo ananijibu kwa kichwa. Siku aliyorudi mara ya kwanza kutoka Kinna na nyinyi, vumbi mpaka kwenye kope, aliongea. Aliongea mpaka chai ikashika utando, na mimi sikuthubutu kusimama kwenda kuipasha, nikihofia atanyamaza.

Kwa hivyo jina lisifutwe. Yote niliyoandika juu, soma ucheke, halafu uwashie jiko.

Ila spea yake nimeifunga mimi. Ikipigwa kofi na mtu yeyote nitajua. Na lile gurudumu mlilolitelekeza uani siku ya somo, nililivisha mwenyewe mlipoondoka. Nilianzia kwenye valvu, nyinyi mlianzia upande wa pili. Nikasukuma kwa viganja kushuka pande zote mbili, vidole gumba vikamaliza. Sikuwa nimekanyaga mkeka wa swala bado, na udhu sikuupoteza, gundi niliishika kwa mfuko wa nailoni.

Naambiwa kutakuwa na pikapu ya kubeba maji nyuma yenu. Niwekee nafasi mbele. Nitakuja na tairi tatu zilizonyooshwa, zimepakwa gundi mara mbili. Watangazie wazee wote: atakayepata pancha wa kwanza asianze kuvuta, asianze kuomba. Ashuke, akae kando, anywe maji, na asiguse kitu mpaka nifike.