Fundo Langu Linawaka

Jumatatu, 3 Machi

Nimechaguliwa! Mtaa mzima wa Nyasho umenichagua mimi, Mniko, kwenda kozi ya faiba. Sawa, haukuwa mtaa mzima. Tulikuwa wachache na mwenyekiti alikuwa na haraka. Kampuni inayovuta mkongo kutoka hapa Musoma, kupitia Butiama, hadi Bunda imetaka kila mtaa utoe watu wawili: kijana wa kujifunza ufundi, na mzee wa kuilinda hiyo waya isichezewe. Mzee anapewa koti la kung'aa.

Baltazari alilitaka hilo koti. Tumevua naye ziwa hili tangu ujana, na mpaka leo anasemaga yeye ndiye alikuwa fundi wa nyavu. Nikasimama, nikaueleza mkutano kwamba Baltazari haoni vizuri. Akakasirika, akaja kunipiga. Akaenda upande ambao siko. Mkutano ukaamua.

Kijana ni mjukuu wangu Rhobi. Amemaliza fomu foo, sasa anauza nyanya sokoni na mama yake. Tunasoma wawili wawili na maksi ni za pamoja. Tukipita, Rhobi anachukuliwa kazi Bunda. Tukianguka, nyanya. Ameniomba kitu kimoja tu: nisiguse kitu. Nimemwambia ana bahati kupata mwenzake kama mimi.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu anaitwa Injinia Eufrasia. Binti mdogo, angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Anasema ndani ya waya kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Sauti ya simu na picha zinageuzwa kuwa mwanga, zinapita humo. Mwanga unagonga ukuta wa kioo, unarudi ndani, unagonga tena, hivyo hivyo mpaka Bunda kabla hujapepesa jicho.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mambo ya mwanga aniulize mimi, nilikuwaga navua dagaa kwa karabai kabla yeye hajazaliwa, na dagaa walikuwa wanaijua taa yangu. Akasema asante mzee. Halafu akasema mwanga wenyewe wa kazi hauonekani kwa macho. Hauonekani! Taa gani hiyo? Hata kibatari cha bibi kizee kinaonekana. Nikafumba macho nitafakari. Rhobi anadai nilikoroma.

Nilifumbua aliposema uzi ukikatika unaunganishwa. Kuunganisha nyuzi! Nani Musoma hii atanifundisha kuunganisha nyuzi?

Jumatano, 5 Machi

Majivu leo. Padri amesema Kwaresima hii tuache majivuno. Mimi sina, kwa hiyo nitaacha sukari.

Nikatoka misa moja kwa moja kwenda darasani, paji limejaa, maana nilikuwa mstari wa mbele. Somo: kuunganisha. Unamenya ganda, unapangusa kioo kwa spiriti, unakata ncha zinyooke, unalaza ncha mbili kwenye kimashine, kinaziyeyusha ziwe kitu kimoja. Injinia akaonya kwamba vumbi ndilo adui mkubwa. Rhobi akalaza zake vizuri. Nikainama nikague. Joto, jasho, majivu yakadondoka. Kwenye kioo cha mashine, kile kinachokuza kila kitu, likatokea jiwe kubwa kama yale ya pale ufukweni, na mashine ikagoma.

Injinia akaniomba taratibu ninawe uso. Nikamjibu majivu ya Kanisa hayafutwi kwa sababu ya mashine. Akanihamishia dirishani. Nyumbani Rhobi alinipa ugali bila kunitazama. Mtihani ni keshokutwa kule Butiama, ana wasiwasi mtoto. Lazima nimsaidie.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeazima kipande cha waya ya njano kutoka pipa la takataka la darasani. Nimekikata, nikakifunga fundo la nyavu za sangara. Nimekivuta. Mama Rhobi amekivuta. Nimekifungia ndama wa jirani, naye amekivuta mpaka akakata tamaa. Halikuachia! Mashine yao inataka chaji, spiriti na utulivu. Fundo langu linataka mate tu.

Baltazari akapita, akaangalia kwa karibu sana, pua kwenye waya. Akasema hilo si la sangara, hilo ni fundo la kufungia mbuzi. Tukabishana mpaka mke wake akatuma mtu kumwita. Anasema kesho atakuja mwenyewe Butiama aone nikiaibika. Aje. Nimemwambia asimame karibu, asije akaangalia mtihani wa watu wengine.

Ijumaa, 7 Machi

Mtihani, Butiama. Kila wawili wamepewa waya iliyokatika. Rhobi akaunganisha. Mashine ikakubali, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Mimi nikaangalia lile unganisho. Laini mno, halina hata uvimbe. Kitu kisicho na uvimbe kitashikaje? Rhobi alipokwenda kuchukua kimrija cha kulifunikia, nikalivuta kidogo, kupima tu. Likakatika. Si nilijua! Nikafunga fundo langu, ganda na kila kitu.

Injinia akaja na tochi yake nyekundu, akaichomeka mwanzo wa waya zetu, moja baada ya nyingine. Za wenzetu: giza. Hata cheche hakuna. Nikawaonea huruma. Kufika kwetu, fundo langu likawaka jekundu kama kaa la moto! Nikawaita wote waje. Hata Baltazari alikiri anaona wekundu.

Injinia akapima mwisho wa waya, akapima tena. Akanigeukia. "Mzee, mwanga unaouona hapo ndio uliopotea," akasema. "Ule unaofika Bunda huwezi kuuona."

Akaanza kuandika sifuri yetu. Rhobi akavua glavu, akakaa juu ya gurudumu kubwa la kuzungushia waya. "Babu," akasema, "nilikuomba kitu kimoja."

Hapo ndipo nilipoona hila yao. Wanataka kuandika fundo langu kwa majina mawili! Nikasimama katikati ya uwanja, nikatangaza kwamba fundo hili ni la Mniko peke yake, huyu mtoto hakuligusa, hajui hata kulianza, lake lilikuwa lile legelege lililokatika, asiandikwe popote kwenye kazi yangu. Injinia akauliza kama ni kweli. Nikaapa. Baltazari naye, ajabu, akanitetea: akasema fundo baya namna ile anamjua mwenyewe mmoja tu ziwa zima.

Rhobi akapewa waya nyingine, afanye peke yake, mimi nimesimama nje ya geti. Ameongoza wote. Mtoto anajifunza haraka akiangalia mfano.

Jumatatu, 10 Machi

Rhobi amekwenda Bunda na sare yake. Alinikumbatia muda mrefu, nikamwambia basi, utanikunja shati. Mimi nimepewa koti. Injinia amesisitiza: kazi yangu ni kuona na kupiga simu, mkono usiguse. Baltazari anasema sasa hata yeye ananiona. Wivu.

Ijumaa, 21 Machi

Siku yangu imefika! Asubuhi lori la mchanga limeinasa waya hapa Nyasho, limeikata. Nimeiona kama nilivyoagizwa. Nimepiga simu kama nilivyoagizwa. Hakuna mtandao. Sasa mwanamume afanye nini? Nimefunga. Safari hii nimefunga mara mbili.

Kisha nikachungulia fundo pande zote kama linavujisha. Giza tii! Injinia alisema mwenyewe, mwanga unaouona ndio uliopotea. Hapa sioni hata chembe. Kwa hiyo wote umefika Bunda.

Watu wametoka nje mtaa mzima, wameinua simu zao juu, wanazungukazunguka. Bila shaka wanashangaa kasi. Nami nimekaa na koti langu nasubiri Rhobi apige kunipongeza. Mpaka sasa simu kimya. Mwanga umemfikia mwingi mno, kazi zimemzidi.