Karani na Saa Zilizokufa

Jumatatu, 6 Mei

Daftari hili tumepewa na dada wa mazoezi kule hospitali, tuandike mizunguko ya binti yangu. Mizunguko ya leo: nusu. Ukurasa mzima umebaki mtupu, na mimi kifua kimejaa. Basi nitaandika humu humu. Shule niliishia darasa la sita, lakini mkono haujasahau.

Binti yangu ni mshonaji. Aliteleza ngazini na ndoo ya maji, goti likavunjika, likapasuliwa, likaungwa. Sasa anatembelea magongo mawili. Dada wa mazoezi amesema Jumatatu ijayo anataka mizunguko kumi ya bustani, tena kwa gongo moja. La sivyo goti litakaza, na mtoto atarudi kisuni. Atarudi kisuni! Na cherehani yake ni ya kukanyaga. Goti kavu kama mti litakanyaga nini?

Bustani ya umma iko mbele ya jengo letu. Ina njia moja tu ya saruji, laini kama meza, inazunguka. Kwingine kote mashimo. Na njia yenyewe nyembamba, watu wawili wakikutana mmoja lazima ashuke kwenye majani.

Leo asubuhi tumefika nusu ya mzunguko, mbele yetu mbwa. Mbwa gani, ndama! Mweusi, kichwa kama sufuria. Nikapiga ukelele mpaka kunguru wakahama mti. Mwenye mbwa, mzee mwembamba mwenye kofia, akainua kidole kimoja. Kidole tu! Mbwa akaketi.

Nakiri, nilisahau kuogopa nikabaki kutazama. Watoto watatu nimewalea, wa kwanza ana miaka ishirini na minne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi kwa kidole.

Kisha nikakumbuka kuogopa. Nikamvuta binti hadi nyumbani. Ngazini akaniambia mbwa alikuwa ametulia tuli, aliyetaka kumwangusha ni mimi. Uchungu wa mwana hajaujua.

Jumanne, 7 Mei

Mizunguko: mmoja, jioni, kati ya mipira ya watoto. Jioni haifai. Mchana jua. Asubuhi ndiyo yenyewe, na asubuhi ni ya yule ndama.

Nimekwenda kwa mtunza bustani kushtaki. Alikuwa anakata ua, hata mkasi hakuuweka chini. Akasema bustani ni ya umma, mama, hata kunguru ana haki yake. Nikamuuliza kunguru ana meno? Akasema mbwa yule hajamuuma mtu tangu azaliwe, ila mimi jana nilimng'ata yeye masikio kwa ukelele wangu. Mjuba!

Nikaamua kumwendea mwenye mbwa mwenyewe. Ni fundi saa. Ana meza yake ndogo chini ya ngazi za maduka, na mbwa hulala chini ya meza. Njia nzima nilipanga maneno makali. Nilipofika, mbwa akafungua jicho moja. Maneno yote yakayeyuka. Nikajikuta namuuliza fundi mbwa ameamkaje.

Fundi akafurahi! Akasema anaitwa Karani, kwa sababu hubeba vitu mdomoni na hapotezi hata kimoja. Akasema zamani alikuwa akifungua meza saa kumi na mbili kamili. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, kazi hakuna, basi yeye na Karani wanazunguka bustani mpaka saa mbili.

Kazi hakuna. Hayo maneno yamenifuata mpaka jikoni. Nilikuwa nakatakata vitunguu, mara kisu kikasimama chenyewe. Angekuwa na kazi je? Si angebaki mezani?

Loo! Wakati mwingine akili yangu hunitisha mwenyewe.

Jumatano, 8 Mei

Hakuna nyumba isiyo na saa iliyokufa ukutani. Mtu anaitazama kila siku na haiziki. Yetu ilikufa mwaka aliozaliwa kitinda mimba wangu.

Nimepanda jengo zima, ghorofa kwa ghorofa. Nikawaambia majirani fundi ana wiki ya majirani, kazi nzuri, heshima kubwa. Jirani wa juu akaniuliza tangu lini nimekuwa tarishi wa mafundi. Nikamwambia tangu asubuhi. Nikakusanya saa kumi na moja. Nikazipanga kwenye beseni la kufulia, nikajitwika. Katikati ya barabara moja ikafufuka, ikaanza kulia juu ya kichwa changu. Kriiii! Watu wakanipisha kama gari la zimamoto.

Nikamwambia fundi zote ni za haraka, wenyewe wanazitaka kesho asubuhi. Nilitaka achoke. Alitazama beseni, akavua kofia. Akaniambia tangu mkewe afariki meza hii haijawahi kupata kazi kama hii kwa siku moja. Akaniita dada yangu. Macho yake yalilowa, na mimi nikajitia kutafuta kitu kwenye kanga.

Halafu akafungua saa ya kwanza. Nilikusudia kuondoka, miguu ikakataa. Vidole vile! Anashika kijigurudumu kidogo kama punje ya ulezi, anakipuliza, anakirudisha, na mkono hautikisiki. Saa nne, kumbe, hazikuwa na ugonjwa wowote. Zilikuwa na njaa tu, betri zimekwisha. Moja ndani mlikuwa na mende mkavu. Akamtoa kwa kibano taratibu, kana kwamba angemuumiza.

Karani akanusa kila saa iliyokwisha, kama anaipitisha.

Mizunguko: miwili.

Alhamisi, 9 Mei

Njia nyeupe! Hakuna mbwa, hakuna fundi! Mizunguko minne! Binti ametokwa jasho, nimempangusa kwa kanga yangu. Baba watoto alipoondoka na lori lake alinipungia mkono. Nilijiona waziri.

Saa sita mchana, hodi. Fundi na beseni. Saa zote kumi na moja nzima. Amezimaliza! Hakutoka mezani tangu jana mchana, chakula amekula kwa mkono mmoja. Zote zinakwenda kwa pigo moja, ukisikiliza ni kama moyo mmoja. Hata zile za kengele amezirudishia kengele. Hilo sikumwagiza.

Na Karani je! Saa ndogo za mezani anazibeba yeye, mpini wa kikapu mdomoni. Fundi anamwonyesha mlango, mbwa anapanda, anaweka kikapu, anaketi, anangoja mtu afungue. Ghorofa nne! Wanangu ukiwatuma chumvi duka la chini wanarudi na kiberiti. Majirani wakapiga makofi. Mimi nilisimama nyuma ya mlango wangu, nimeshika komeo, na nikapiga makofi pia, kwa ndani.

Lakini Karani hakutembezwa asubuhi kwa sababu ya saa zangu. Alivumilia tangu alfajiri. Mlangoni pa jirani wa juu uvumilivu ukamwisha. Na ule haukuwa mzigo wa mbwa mdogo.

Fundi akataka ndoo, kwa aibu. Jirani akataka kusema neno. Nikamwahi. Nikapiga deki mwenyewe, ngazi tatu, bila kuambiwa. Jirani akanisifu kwa moyo wangu mzuri. Sikumtazama usoni.

Ijumaa, 10 Mei

Balaa.

Saa kumi na mbili kamili, saa ile ya zamani ya fundi kufungua meza, kengele zote zimelia pamoja. Jengo lote limeruka kitandani. Sisi ni jengo la watu wa kuchelewa, kila mtu hutoka anakimbia huku anafunga vifungo. Leo wote wameamka mapema, wamekunywa chai wameketi, na bado muda ukabaki. Wakaufanyia nini? Wakashuka bustanini kunyoosha miguu!

Njia imejaa kama siku ya kupiga kura. Jirani wa juu na shoga zake watatu, bega kwa bega. Mwenye duka la viatu na mbwa wake mdogo mweupe anayebweka hata kivuli chake. Mkunga na mbwa wake wa manjano. Kigari cha mtoto. Mtu mwingine anakimbia kinyumenyume, eti ndiyo mazoezi. Na wote wananisalimu, wananishukuru! Mama, umetufufulia saa!

Mizunguko: mmoja. Binti alisimama pembeni kwenye majani, gongo likazama kwenye udongo. Akakaza midomo. Hakulia, lakini mama ni mama, nililia mimi.

Mtunza bustani akapiga filimbi, akapanda juu ya benchi, akatoa amri. Kuanzia kesho, saa kumi na mbili mpaka saa moja njia ni ya wenye mbwa. Saa moja mpaka saa mbili ni ya wasio na mbwa. Nikahesabu. Wasio na mbwa tupo kama arobaini. Wenye mbwa ni watatu.

Zimebaki siku tatu. Baba watoto, nilipomweleza, akaacha kutafuna. Akasema mke wangu, ukikosa la kufanya, usilifanye.

Amechelewa. Nimeshalipata.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemfunga mto wa sofa kwenye blanketi kuukuu, nikamlaza kikapuni, nikatoa kamba nje. Saa kumi na mbili tukawa langoni, mimi, binti na kikapu. Binti alisema anaomba ardhi immeze. Nikamwambia kwanza atembee, kumezwa baadaye.

Mtunza bustani akauliza mbwa yuko wapi. Nikasema yumo, mdogo sana, ana homa, hapendi upepo. Akauliza mbona hapumui. Nikasema anapumua kwa adabu. Akafumbata mikono. Akasema basi abweke kidogo, amsikie.

Nikabweka.

Mimi, mama wa watoto watatu. Nimeinamia kikapu, nabweka. Kule mbali mbwa mweupe wa mwenye duka akanijibu!

Nikasikia kishindo nyuma. Nikageuka roho mkononi. Binti yangu anacheka, machozi yanamtiririka, ameshika ubavu. Gongo moja liko chini. Liko chini na yeye amesimama! Mtunza bustani naye akageukia ua, mabega yanatikisika.

Fundi akatokea na Karani. Akamwambia mtunza bustani kwamba hawa ni wa kwake, mbwa wao wa asubuhi ni huyu. Akamkabidhi binti kamba. Nikataka kupiga ukelele, sauti nilikuwa nimeimaliza kwa kubweka.

Jamani, nilichokiona. Yule ndama akaenda upande wa mguu mbovu, mwenyewe, bila kuambiwa. Binti hatua, yeye hatua. Binti akisimama, anasimama. Mbwa mweupe alipokuja na kelele zake, Karani akajiweka katikati kama mlango, mweupe akanyamaza. Nimewafuata hatua kumi nyuma na kikapu changu. Mtoto wangu sijawahi kumtembeza vizuri hivyo. Mimi humvuta. Yeye alimngoja.

Mizunguko: sita. Gongo moja!

Jumapili, 12 Mei

Mizunguko: minane. Wa tisa goti lilitetemeka, Karani akalala chini katikati ya njia, akagoma. Fundi akasema huyo akisema basi, ni basi. Hata dada wa mazoezi hana mamlaka hayo.

Tulipokuwa benchini nikaona nisafishe moyo. Nikamwambia fundi kweli ya zile saa. Nikamwomba radhi, nimeinamisha kichwa. Akacheka mpaka kofia ikamtoka. Kumbe alijua! Binti alimwambia tangu Jumatano, alipopita mezani na magongo yake, mimi nikiwa bado nagonga milango. Fundi akamuuliza anizuie? Binti akamjibu kwamba mama akipanga jambo, sisi humwacha amalize, ndipo tunafagia.

Ndipo tunafagia! Aliyepiga deki ngazi tatu ni nani?

Nikamuuliza fundi kwa nini basi alikubali. Akasema saa ni saa. Iliyokufa ikija mezani hamuulizi aliyeileta ana nia gani. Nimeyafikiri maneno hayo hadi wali ukaungua.

Leo pia nimemgusa Karani. Kidole kimoja, kwenye sikio. Ni laini kama kitambaa cha bitana. Yeye hakuketi, alikuwa ameshalala, lakini nahisi aliheshimu.

Jumatatu, 13 Mei

Kumi! Kumi kamili, kwa gongo moja, na wa mwisho alilibeba gongo kwapani kama mwavuli! Mkunga alipiga vigelegele. Mtunza bustani alipiga filimbi, kwa mara ya kwanza bila hasira. Nimembusu binti, nimembusu mkunga, nusura nimbusu Karani, nikakumbuka meno.

Dada wa mazoezi amelikunja goti, amelinyoosha, akasema kisu hakuna tena. Akamuuliza binti mazoezi alifanya na nani. Binti akasema na Karani. Dada akasifu, akasema makarani wengi hawana muda.

Kisha akatupa kazi ya wiki mbili: ngazi. Kupanda na kushuka, mara ishirini kila siku, akishika ukuta. Akiweza, anarudi kwenye cherehani yake. Binti aliyafumba macho kwa furaha.

Mimi furaha ilinitoka hapo hapo. Kwenye ngazi zetu, kona ya ghorofa ya pili, kuna paka. Mnene, rangi ya vumbi, hulala kwenye kipandio upande wa ukutani, kule kule kwa kushika. Huwezi kumwona mpaka umemkanyaga. Mwanangu amkanyage paka na goti lile!

Nilimwomba mwenye paka kwa upole. Ni msusi, husukia ndani, mlango wazi. Akasema ngazi ni za wote.

Sawa. Sikubishana. Nilisimama nikachunguza. Nimegundua akiwa na kichwa cha kusuka, paka huingia ndani kuchezea nywele zinazoanguka. Akikosa wateja, paka hutoka kulala ngazini.

Basi ni jambo dogo tu. Jioni hii nimepita milango yote, nimewaambia wanawake wa jengo zima msusi ana wiki ya majirani. Vichwa kumi na vinne vimeshaahidi kufika kesho asubuhi, vyote vya haraka.

Cha kumi na tano ni changu. Nimeshafumua.