Uyoga wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimeupata! Uyoga wa kahawia, kwenye kisiki nyuma ya maabara yetu. Nimepekua kitabu cha kutambua kuvu mpaka jalada la nyuma. Haumo. Aina mpya! Mtafiti hakipi kitu alichogundua jina lake mwenyewe, ni aibu. Basi nitaupa la mama mkwe. Miaka kumi na moja ananiita mzigo. Nimempigia simu. Akaniita mwanangu! Nusura nilie.

Jumanne, 4 Machi
Ili kujua ukoo wa uyoga, unalaza kofia yake juu ya karatasi. Spora, yaani mbegu zake, zinadondoka kama vumbi, unasoma rangi. Niliulaza jana. Leo karatasi ni nyeupe, safi. Uyoga usio na spora! Si aina mpya tu, ni ukoo mzima. Nimemtangazia mkuu wa maabara mbele ya watu. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, akauliza kwa upole karatasi yenyewe ilikuwa ya rangi gani. Kijicho hicho!

Jumatano, 5 Machi
Miwani ameulaza kwenye karatasi nyeusi. Spora nyeupe, tele, kama unga. Mkuu alikohoa tu. Sawa. Ukoo mpya umekufa, aina mpya ingali hai. Nimepeleka kipande kikapimwe vinasaba.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu. Uyoga wa kawaida, unajulikana tangu enzi za mababu. Kabati la tatu lina sampuli zake arobaini. Moja ina mwandiko wangu, wa mwaka jana: "Aina mpya?" Na mama mkwe keshawaambia dada zake. Wanakuja maabara kesho, wote.

Jumamosi, 8 Machi
Wamekuja watatu, wamependeza. Nikajaribu kuzuga: nikaeleza kwamba kuvu si mmea, kiukoo iko karibu zaidi na mnyama. Mama mkwe akataka kuona jina lake. Nikasema ukweli. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Akautazama uyoga, akanitazama mimi, akasema yeye alishajua mimi ni aina gani tangu siku ya kwanza, tena bila mashine. Dada zake wakacheka. Miwani akawapa chai.

Jumatatu, 10 Machi
Uyoga wa njano, chini ya dirisha la stoo! Kitabuni haumo. Nimeulaza asubuhi kwenye karatasi, nyeupe, ndiyo iliyokuwa karibu. Saa tisa alasiri: karatasi safi!
Nimempigia baba mkwe.