Matawi Juu ya Njia ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amesema Mama anaruhusiwa kurudi nyumbani Ijumaa. Nyonga inaunga vizuri, ila asikanyage chini kwa wiki tatu. Gari la wagonjwa limfikishe mpaka mlangoni. Neno "mpaka mlangoni" kalirudia mara mbili, huku ananitazama mimi. Sijui nani kamdokeza.

Kutoka getini hadi mlangoni ni hatua thelathini na mbili za kokoto. Kiti cha magurudumu kwenye kokoto hakisogei. Gari nalo halipiti, maana miti miwili ya marehemu Baba imekumbatiana juu ya njia na matawi yananing'inia usawa wa kifua changu. Mke wangu ananikumbusha tangu mwaka jana. Jibu langu ni lile lile: miti ya Baba hiyo, mkono unakataa. Ukweli ni kwamba naogopa kupanda ngazi. Basi, nimeandika.

Mama kapiga simu jioni kuulizia matawi. Nikamwambia nimeshayakata yote. Limenitoka tu. Akafurahi, akasema alijua mwanawe hatamwangusha.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamka na nia safi. Msumeno wangu una kutu. Umenasa kwenye tawi la kwanza na mpaka sasa uko huko huko, mpini unaning'inia.

Mke wangu akasema nimwite kaka yake. Kaka yake ni seremala. Ana misumeno minne, ngazi mbili, na maoni juu ya kila kitu. Mimi moyoni namwita Bwana Ningekwambia, maana ndivyo anavyoanza: shemeji, ungeniuliza ningekwambia. Nilipopaka rangi uzio alinisahihisha mbele ya majirani, na Mama akasema laiti naye angejaliwa mtoto kama yule. Alikuwa anatania. Nadhani.

Nikamjibu mke wangu kwamba kazi ya mama mzazi hufanywa na mtoto wa kumzaa. Akaniangalia weee, kisha akaenda kuanua nguo.

Jumatano, 5 Machi
Nguo zimenipa akili! Shuka haiburuzi chini kwa sababu kamba imeiinua. Sasa tawi kwa nini nilikate, wakati naweza kuliinua?

Nimeshinda nyumbani, kazini nimesema naumwa tumbo. Nimefunga matawi kumi na moja, nikayavuta juu, nikafunga ncha za kamba kwenye mfereji wa maji ya paa. Nimesimama juu ya kiti cha jikoni. Kiti si ngazi. Kamba za kuanikia nguo ziliisha kwenye tawi la saba. Nikaendelea na kamba za viatu, mkanda wa begi, na mwisho tai yangu ya harusi.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, akachungulia juu ya uzio akauliza kulikoni. Nikamwambia ndiyo njia ya kisasa ya kutunza miti. Akasema kweli dunia inakwenda mbio.

Mke wangu karudi, kasimama getini, kaangalia juu muda mrefu. Akauliza kamba zake ziko wapi. Nikasema nimeziazima. Hakuuliza lingine, na hilo halijanipendeza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepita njia yote na ufagio nimeunyanyua juu. Haujagusa jani. Dereva wa gari la wagonjwa kanitajia urefu wa gari lake kwa simu. Linapita, na shibiri moja inabaki. Nimejipongeza kwa chai mbili.

Mama kapiga. Kawasimulia wodi nzima, na wauguzi, kwamba mwanawe kapanda juu ya miti mwenyewe kwa ajili yake. Mgonjwa wa kitanda cha pili anaomba nikamkatie na ya kwake. Nilitaka kumwambia kweli. Naapa, ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kisha akasema hajapata usingizi wa maana wiki tano, anakitamani kitanda chake. Nikasema karibu nyumbani, Mama.

Wingu limetanda. Nimeshika simu nimpigie shemeji. Nimeiweka.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua tangu alfajiri. Majani yamelowa, matawi yamekuwa mazito, na mfereji umejaa maji. Sikulifikiria hilo.

Saa nne gari likaingia taratibu. Lilipofika katikati ya njia, mfereji wote uling'oka, kona hadi kona. Matawi yakashuka mbele ya gari na nyuma yake. Tai yangu ya harusi ikalala kwenye kioo cha dereva. Gari likawa haliendi wala halirudi, na Mama yumo ndani.

Kisha nikamsikia anamnong'oneza muuguzi kwamba anataka kwenda haja.

Nilivuta matawi kwa mikono mitupu. Sikufua dafu. Ghafla shemeji huyu hapa na msumeno. Kumbe alikuwa ndani ya gari lake hapo kwenye kona tangu saa tatu. Mke wangu alimwomba asubiri huko, endapo lolote litatokea. Akakata dakika arobaini kwenye mvua. Hakusema ningekwambia hata mara moja. Afadhali angesema.

Dereva akauliza ni nani aliyefanya kazi hii. Nikatazama kokoto. Mama akajibu dirishani kwamba mwanawe aliyakata yote, ila mvua za siku hizi zinaotesha haraka. Muuguzi akacheka. Mama hakucheka.

Hakuwahi kufika chooni. Mke wangu ndiye aliyemwogesha na kumbadilisha. Mimi nilisimama koridoni nimeshika shuka ambayo hakuna aliyeniomba. Nina miaka arobaini na sita. Sijawahi kuona aibu kama hii.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwomba Mama radhi, nimepiga magoti kabisa. Akanishika kichwa. Akasema matawi si kitu, kilichomuuma ni kusema uongo mbele ya watu kwa ajili yangu, kwa umri wake. Akataka jambo moja tu: nisimdanganye tena. Nimeapa. Nimelia pia, lakini hiyo nimwambie nani.

Shemeji kapigilia mfereji mpya. Nilimshikia ngazi, kwa chini. Limebaki tawi moja linalogonga dirisha la Mama kila upepo ukivuma, anashtuka usingizini. Shemeji alitaka alimalize. Nikasema hilo niachie mimi, ni deni langu kwa Mama. Akaniachia msumeno wake mzuri na ngazi. Mke wangu akanitazama kwa macho ya zamani, yale ya uchumba.

Jumapili, 9 Machi
Nimepanda ngazi! Vidato viwili. Cha tatu kikatikisika.

Mchana Mama kauliza kama tawi nimelikata, maana halisikiki tena. Nikasema ndiyo, Mama. Akaniombea dua ndefu, akaniambia safari hii amepumzika kweli.

Nimemfungia pazia, nimemwambia mwanga si mzuri kwa mfupa. Tai imefika vizuri kabisa, kutoka kwenye tawi mpaka kwenye mfereji mpya. Shemeji katumia misumari mirefu safari hii. Nimeihesabu mwenyewe.