Feni Iliyoniharibia Alhamisi

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Pokea heshima zangu, mimi msomaji wako wa miaka kumi na tisa, mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa mji wa Salt, huku mlimani. Sijawahi kukulalamikia. Hata ulipokosea kimo cha milima ya Ajlun nilinyamaza. Lakini hili la sasa limenigusa pabaya, na sitalimeza.

Mwezi uliopita ulichapisha makala ya jinsi ya kufunga feni ya umeme kwenye gari la zamani. Mpwa wangu Kutaiba, ambaye tangu azaliwe hajanunua gazeti, akanijia na makala hiyo imekatwa vizuri kwa mkasi, pamoja na sanduku la spana. "Mjomba, kaa pembeni unywe chai yako," akaniambia, "leo gari lako linaacha uzee." Kufika adhuhuri alikwisha kung'oa feni ya mkanda niliyokuwa nayo tangu nilipooa, akaweka hiyo yako, na swichi ya joto ya kuiwasha yenyewe maji yakipata moto, na nyaya zake. Kazi safi, nakiri. Madhara yake ni haya:

1. Gari halichemki tena.

Naomba usicheke. Kila Alhamisi nashuka bondeni kwenye shamba langu la malimau, na alasiri napanda kurudi. Kwa miaka saba gari hili limechemka mahali pamoja tu, kona ya tatu chini ya mji, mbele ya nyumba ya Bi Naufa, mjane anayeishi na kaka yake Abu Dirar, muuza viungo. Bi Naufa hutoka na mtungi wa maji kwa ajili ya rejeta, na birika la chai kwa ajili yangu. Rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto, umeandika mwenyewe, kwa hiyo tunasubiri dakika arobaini. Mimi ni mgane. Siku nyingine zote naongea na televisheni. Na mtu mwenye haya zake hagongi mlango wa mjane bila sababu. Mvuke ni sababu, na mtaa mzima unauona.

2. Feni haijui kutunza siri. Alhamisi ya kwanza nilipita kona ile bila hata tone. Ya pili nikasimama makusudi, nikafungua boneti, nikatikisa kichwa kama mfiwa. Injini nimezima, feni ikaendelea kuvuma peke yake mpaka ikamaliza kazi. Abu Dirar akaja, akaweka kiganja juu ya rejeta. "Mwalimu," akasema, "maji haya namwogeshea mtoto." Bi Naufa alikuwa mlangoni na mtungi. Akaurudisha ndani, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

3. Alhamisi ya tatu nilipakia magunia manne ya malimau na kupanda mlima wote kwa gia ya kwanza. Mshale wa joto ukakaa katikati. Malimau yameniozea.

4. Hili ndilo baya kuliko yote. Alhamisi iliyopita Abu Dirar alinisimamisha mwenyewe barabarani, akaniingiza sebuleni. Binamu zake wawili wamekaa wima, wamevaa kama siku ya Idi, hakuna anayesema neno. Akanimiminia kahawa, akaiweka mbele yangu. Wote wakanikodolea macho. Kwa woga nikaimaliza kwa funda moja, nikaomba ya pili, kisha nikawaeleza faida za swichi ya joto. Nyuma ya pazia nikasikia mlango ukibamizwa. Mpaka leo sijui kosa langu, ila chanzo nakijua.

Kwa hiyo naomba, kwanza, uchapishe masahihisho kwamba gari lililopita miaka thelathini lina haki ya kuchemka. Pili, uishauri serikali itenge kona za kuchemkia, zenye kivuli. Tatu, feni hizi zipigwe marufuku nchini. Gari lisipochemka hakuna wa kulitolea maji. Asipokuwepo wa kutoa maji, hakuna anayemjua mkazi wa kando ya barabara. Na kizazi kijacho, wa bondeni na wa mlimani watapigana mawe. Nimefundisha jiografia, najua vita huanzia wapi.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule anayechora michoro ya nyaya. Waya mwekundu aliuweka panapostahili.

Ni mimi, niliyeharibikiwa na gari zima,
Mwalimu Muflih Sweidan

N.B. Tafadhali usiichapishe. Nilikuwa nalamba bahasha Abu Dirar alipoingia. "Mwalimu, miaka saba," amesema. "Anayekuja kuposa hagusi kahawa mpaka ombi lake likubaliwe. Sisi tumekukalia kimya tukikungoja useme, wewe unataka kikombe cha pili." Nikamuuliza nani kamwambia nilikuja kuposa. "Naufa. Makala ile ameikata yeye, akampa mpwa wako. Anasema amechoka kulinywesha gari. Anataka kujua kama utasimama pale likiwa zima."

Alhamisi hii napanda kutoka shambani na wazee watano wa ukoo wetu wa huko bondeni, na kahawa nitaiacha ipoe kama itabidi. Nijibu upesi: kwa watu sita, na mlima ule, feni moja inatosha? Maana safari hii lisije likachemka njiani.