Babu Otmar Aruhusiwe Kuwinda Akiwa Ameketi

Njia ya Runzewe,
S.L.P. Ushirombo,
Septemba 1981.

Kwa Bwana Nyama wa Wilaya,
Idara ya Wanyamapori,
Kahama.

Shikamoo, Bwana Nyama.

Najua barua ya serikali haianzi na shikamoo, inaanza na "Yahusu". Lakini mwalimu aliyetufundisha hivyo hajawahi kukuona. Mimi nimekuona mara moja mnadani, ukinunua mbuzi, nikajificha nyuma ya huyo mbuzi. Jina langu Anisia, niko kidato cha pili. Nikisimamishwa darasani sauti hunipotea, somo liwe la Kiswahili au la Kiingereza. Maneno yangu yako kwenye karatasi tu, kwa hiyo yakizidi naomba unisamehe.

Yahusu babu yangu, mzee Otmar, mwenye leseni halali, gobore halali na mguu mmoja.

Mguu wa pili ulivunjwa mwaka jana na robota la pamba lililobingirika kutoka kwenye lori, ukakatwa hospitalini. (Wageni huambiwa ni nyati. Ukikutana naye, tafadhali, ni nyati.) Tangu hapo porini hapaendeki. Magongo yake hukwama kwenye nyufa za udongo mweusi wa mbuga, na moja ilibidi tulichimbue kwa jembe kama muhogo. Ndipo tukapata wazo la mkokoteni wa ng'ombe.

Na hatuwezi kungoja. Wawindaji wa kijijini kwetu wana desturi yao: mvua za kwanza zikinyesha, hukutana na kulaza magobore yote juu ya ngozi moja. Ambaye hakulala porini hata mara moja kwa misimu miwili, gobore lake linahamia kwa mdogo wake. Msimu uliopita Babu alikuwa wodini. Huu ndio wa pili. Mdogo wake ni babu Januari, ambaye ameshaanza kuja nyumbani kuliangalia lile gobore kama mtu anayechumbia. Babu naye juzijuzi alimwomba bibi amfundishe kufuga kuku. Bwana Nyama, mtu aliyengojea nyati kwenye majani marefu sasa anangojea yai.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu geti la pori la akiba. Tulifika asubuhi, Babu juu ya mkokoteni, ukivutwa na ng'ombe wetu wawili, Misheni na Ushirika. Misheni hana neno. Ushirika hatembei mpaka aitwe mara tatu, na hamsikii mtu yeyote isipokuwa Babu. Askari wako, Ndugu Eustace, alitupokea vizuri sana. Alipitisha kile kinyavu chake mgongoni mwa ng'ombe kutafuta mbung'o, akapata mmoja, akamminya, akainua mti wa geti. Mti ulikuwa umeshafika juu kabisa. Ndipo alipokumbuka kuna karatasi ya kanuni imebandikwa ubaoni, ya Kiingereza, ambayo tangu aajiriwe hajapata mtu wa kumsomea. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unayesoma kwa masista, hebu tusomee, tusije tukakosea."

Nikasoma. Sijui ni shetani gani wa ufasaha aliyeniingia. Mimi nisiyeitika hata nikiitwa jina, nilisoma kwa sauti, nikatafsiri, nikatoa na mifano: kwamba hairuhusiwi kuwinda kutoka kwenye chombo chochote chenye magurudumu, kwamba mifugo haiingii. Ndugu Eustace alisikiliza mpaka mwisho, akanisifu, akateremsha geti. Babu naye akanisifu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwa hiyo nalalamika kwamba idara yako imeandika kanuni kwa lugha ambayo huku kwetu inasomwa na wajukuu tu.

2. Kuhusu magurudumu. Kesho yake tulirudi bila ng'ombe, mkokoteni ukivutwa na binamu zangu, Makoye na Maige. Ndugu Eustace alisema mifugo imeondoka ila magurudumu yako palepale. Tukayang'oa. Akauzunguka mkokoteni, akasema sasa hicho ni kitanda, na kwa kuwa kanuni haisemi lolote kuhusu kitanda, hawezi kukiruhusu bila maelekezo kutoka kwako. Tukakibeba kitanda mpaka nyumbani.

3. Kuhusu miguu ya Makoye. Safari ya tatu Makoye alimbeba Babu mgongoni. Hapo nilijua tumeshinda, maana Makoye hana magurudumu. Ndugu Eustace alifikiri sana, akasema leseni ni ya mtu mmoja, na anayemwendea mnyama kwa miguu ni Makoye, ambaye hana leseni. Babu akamjibu kwamba anayelenga ni yeye. Basi, akasema Ndugu Eustace, mzee apite, miguu ya Makoye ibaki hapa. Wakacheka wote wawili, wakaulizana habari za nyumbani, tukarudi.

4. Kuhusu Landrova ya idara. Hiyo ina magurudumu manne na inaruhusiwa kuingia. Lakini imesimama pale getini tangu sijavaa sare ya sekondari, inangojea giaboksi kutoka Mwanza. Ndugu Eustace anaitumia kama ofisi, na kuku wa mkewe, Mama Zipora, wanataga kiti cha nyuma. Yaani gari lenye ruhusa halina mwendo, na lenye mwendo halina ruhusa. Nililiwaza jambo hili wakati wa rozari, nikajikuta nimeruka fungu zima.

5. Kuhusu wanyama wenyewe. Wao wanakuja kwetu bila leseni. Pongo anakula choroko za bibi, ngiri anachimba mihogo, na sijaona geti likiteremshwa mbele ya ngiri. Kama Babu haruhusiwi kuwafuata, waandikiwe nao wasitufuate.

Redio inasema huu ni Mwaka wa Walemavu Duniani. Mwaka huo unaisha Desemba, na mvua haitangoja Desemba. Kwa hiyo, kwa heshima, naomba idara imruhusu Babu aingie kwa mkokoteni. Ikishindikana, wanyama wanaofaa waamriwe kupita mbele ya uwanja wetu kila Jumamosi asubuhi (Jumapili tuna misa), wakubwa watangulie, wenye mimba wasisumbuliwe. Babu atakuwa ameketi, hatawafukuza. Na kama wanyama hawana nidhamu hiyo, basi pori lenyewe lisogezwe lije kwetu, Babu alale humo akiwa kitandani kwake. Sisi wakati wa kuhamia vijijini tulisogezwa kaya zote, na vyungu vyetu, bila kuulizwa. Sidhani kama miti ni mibishi kumzidi bibi yangu.

Natumaini utalipa ombi hili uzito wa robota. Msalimie mama wa nyumbani, watoto, karani wako, dereva asiye na gari, na yule mbuzi kama bado yupo.

Ni mimi, ambaye tukikutana sitasema neno,

Anisia, mjukuu wa Otmar

Nyongeza. Barua hii ilichelewa kwa sababu basi la Kahama lilikosa dizeli, na katikati hapo mambo yamegeuka. Amri yako ilimfikia Ndugu Eustace kwamba Landrova ipelekwe kambi ya ndani ikawe stoo. Kwa kuwa haitembei, alikuja kwetu kuazima ng'ombe. Na Ushirika, kama nilivyokueleza, hamsikii mtu isipokuwa Babu. Basi Babu alipandishwa juu ya boneti, gobore mapajani, Ndugu Eustace akakamata usukani, kuku wakabaki kiti cha nyuma kwa kuwa walikuwa wanaatamia, na Mama Zipora akainua geti. Magurudumu, mifugo na Babu, vyote vikaingia. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ubao wa kanuni. Ndugu Eustace alinitazama. Sikusoma kitu.

Jua lilizama wakiwa kambini, wakalala hukohuko porini. Njiani kongoni alisimama karibu nao kabisa, Babu akamwacha apite. Anasema kumpiga mnyama ukiwa umekalia gari ni sawa na kumvizia mgeni mlangoni kwako, na kwamba kanuni ile ni nzuri, mwandishi wake alikuwa mwindaji. Gobore linabaki kwake. Kuku aliotaka kufuga amempa babu Januari.

Kwa hiyo naomba maombi yangu yote hapo juu uyafute. Ila Landrova irudishwe getini kabla ya msimu ujao, na giaboksi ikifika kutoka Mwanza, tafadhali isifungwe.