Mizizi Haipendezi Ukutani

Jumatatu, 2 Septemba

Bahati imeingia kijijini kwa gari la kijani. Ndani yake Mwalimu Ning wa chuo kikuu, mtaalamu wa mimea iliyogeuka mawe, na wanafunzi wake wawili wenye kofia. Ana kibali cha serikali. Anatafuta mteremko wa kuchimba viangazi vitatu mfululizo. Na akishachagua, anataka wenye mteremko huo wawili wakae kambini: mlinzi na mpishi. Mume na mke.

Mteremko ninao. Mume ni mimi. Mke yuko mjini Shenyang, mwaka wa nne huu, anamlea bibi wa watu asiyeweza kusimama.

Nikampigia palepale. Cuilan akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema maneno yangu ameyazoea, safari hii anataka karatasi yenye muhuri mwekundu. Akasema pia mwajiri wake anataka jibu ifikapo Sikukuu ya Mwezi: asaini miaka miwili mingine, au arudi nyumbani.

Sikukuu ni tarehe kumi na tatu. Siku kumi na moja. Kuna watu walijenga daraja letu la mtoni kwa siku tisa. Lilianguka, ndiyo. Lakini walijenga.

Kikwazo kimoja tu: jirani yangu Bao Dequan, mwenye mteremko wa ng'ambo ya korongo. Naye anaitaka kazi. Bao hana akili, hana maneno, hana hata mkanda wa suruali, anafunga kamba. Kipaji chake kimoja: mke wake yupo.

Jumanne, 3 Septemba

Niandike wazi, maana shajara haina masikio. Huku kwetu mawe yanafunguka kama kurasa. Unapiga patasi, unakuta samaki, ukibahatika ndege mwenye manyoya. Magugu yapo tele, tunayatupa. Nani anunue gugu? Sheria inakataza kuchimba bila kibali, na mimi sijawahi kuchimba. Nimeanguka mara nyingi tu nikiwa nimeshika sururu.

Sasa Mwalimu Ning hataki samaki. Anataka magugu! Amewaambia watu wa dukani kwamba samaki huogelea akaenda zake, lakini mmea hukaa, na ukikaa unasema maji yalikuwaje.

Ninalo gugu moja zuri ukutani, refu kama mkono wangu. Nimeliangalia nikaona limepooza. Mtu hapeleki mchele mtupu kwa mgeni. Nikachukua rangi, nikamchora samaki mdogo pembeni. Mzuri, ana jicho.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimempelekea Mwalimu jiwe langu. Alilowesha kitambaa, akapangusa mara moja. Samaki hayupo. Akasema kwa upole kwamba samaki wangu ameyeyuka. Wanafunzi wakaangalia mlimani.

Lakini gugu! Alilitazama kwa kioo chake cha kukuzia mpaka chai ikapoa. Akanionyesha majani membamba kama nyuzi, akasema haya yaliishi chini ya maji, jani pana lingeraruka. Akanionyesha vifuko vya mbegu. Nikaitikia kama daktari.

Halafu akauliza mizizi iko wapi.

Hapa ndipo niseme desturi yetu. Jiwe likitoka tunalikata kwa msumeno, pembe nne, kama picha ya harusi. Mizizi tunakata. Mizizi ni uchafu, haipendezi ukutani. Marehemu baba alikata, mimi nakata, korongo zima linakata.

Mwalimu akanieleza polepole. Mmea wenye mizizi iliyozama kwenye tope lake ulisimama hapohapo. Maana yake mteremko wangu ulikuwa kinamasi, maji ya magotini, yametulia. Hicho ndicho anachotafuta. Usio na mizizi huenda mafuriko yaliung'oa mbali, ukaja kuzama katikati ya ziwa lenye kina. Basi mteremko wangu haufai, ataenda kwa Bao.

Akauliza nani alikata. Nikamjibu ni muda, Mwalimu, miaka mingi hii, mawe yanalika.

Akapitisha kidole kwenye ule ukingo ulionyooka kama rula. "Muda una msumeno mzuri, kaka Luan," akasema.

Hata hivyo ameandika jina la mteremko wangu kwenye daftari, na alama ya kuuliza. Nimeiona kwa macho yangu. Akaniambia nilirudishe jiwe nyumbani, nilifunge kwa kitambaa, nisiliguse kabisa. Jumanne anakuja na kioo kikubwa kuukagua ukingo.

Jumamosi, 7 Septemba

Alama ya kuuliza si muhuri. Leo nimetafuta ile mizizi niliyokata miaka mitatu iliyopita. Nyuma ya banda la nguruwe, hakuna. Kisimani, hakuna. Mwishowe nikakumbuka: mabaki yote nilitandika njia ya kwenda chooni, tusichafuke mvua ikinyesha. Nimepiga magoti njia nzima. Mizizi ipo, au ilikuwepo. Imekuwa unga. Kila asubuhi nimekuwa nikikanyaga mshahara wangu nikienda kujisaidia.

Bao akaja kuegemea ukuta, anatafuna mbegu za alizeti.

"Luan, umepoteza nini? Shemeji?"

Nikacheka. Nikaingia ndani, nikakaa kwenye kitanda cha udongo. Ubavu wa Cuilan kitandani nimepanga mabeseni, pasionekane patupu.

Jumapili, 8 Septemba

Nimeamka na akili. Ningeweza kupanda mteremkoni na sururu kutafuta gugu jingine zima. Lakini kuchimba ni jasho, gundi ni elimu. Pembeni mwa kitanda nilikuwa na kipande cha mizizi ya jiwe jingine, imara, imenyooka. Nimekiunga na gugu langu. Viungo havikukaa sawa, palikuwa na kinundu kidogo kwenye ukingo, kama punje ya mchele. Nikakipiga tupa mpaka kikaisha. Gundi, vumbi la mawe, maji ya chai kuficha mstari. Baba angelia kwa furaha.

Nimempigia Cuilan, nimemwambia aanze kufunga mizigo. Akauliza karatasi iko mkononi. Nikamwambia iko njiani. Akasema bibi amejikojolea, anaenda.

Jumanne, 10 Septemba

Siku mbaya. Naandika kwa kuwa nimejizoesha.

Mwalimu Ning alikuja na kioo kikubwa chenye miguu mitatu, ametembea nacho kuanzia barabarani. Nikafunua kitambaa kama bwana harusi. Hakuhitaji kioo. Akasema hii ni mizizi ya mti wa jamii ya msonobari, wa nchi kavu. Nimemvisha bata miguu ya kuku.

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya, nina vichekesho vya watu wenye hasira. Alilainisha gundi, akatenganisha vipande, akatafuta kitu ukingoni. Akatafuta tena. Akaniuliza palikuwa na kinundu hapa, kimekwenda wapi.

Nikamwambia nimekipiga tupa, kilikuwa kinasumbua.

Akakaa chini kwenye mawe, na suruali yake safi.

"Ule ulikuwa mwanzo wa mzizi," akasema. "Ulikuwa unashuka kwenye tope. Nilikuja kwa ajili yake."

Nikauliza kama mfano tu, kile kinundu kingetosha. Akasema kingetosha kuja kuchimba hapa kwanza. Halafu akafungua daftari, akapiga mstari. Mstari mmoja, mwembamba. Nikamkaribisha uji, akashukuru, akasema wamekula.

Ijumaa, 13 Septemba. Sikukuu ya Mwezi

Bao amepata. Kwake magugu yamesimama kwenye tope, mizizi yote ipo. Kwa nini? Kwa kuwa ni mvivu! Tangu azaliwe hajawahi kukata kitu. Uvivu umepewa muhuri mwekundu, mimi fundi nimekosa. Mke wake ameshaanza kuwapikia wanafunzi, harufu ya maandazi ya nyama inavuka korongo.

Jioni Bao akaniletea keki mbili za mwezi, za ufuta. Hakunikejeli. Alizitua mezani, akaangalia yale mabeseni kitandani, akasema atanisemea kwa Mwalimu wakihitaji wa kubeba maji. Nikamwambia mimi si wa kubeba maji. Nikazila zote mbili kabla hajafika nyumbani kwake.

Nikampigia Cuilan. Nikamweleza karatasi imechelewa kidogo, muhuri umeishiwa wino, ni suala la siku mbili tatu.

"Fusheng," akaniita kwa jina langu, "nimesaini asubuhi."

Asubuhi! Kabla sijapiga. Kabla hata sijadanganya.

Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula keki mbili. Akasema sawa. Nilisikia yule bibi akikohoa nyuma yake, na yeye akimwambia polepole, nakuja mama, nakuja. Kisha simu ikakatika.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeamka mwepesi. Miaka miwili si mingi. Mtu mwenye akili haanguki mara mbili penye shimo moja, na mimi somo nimelielewa.

Nimepanda mteremkoni na sururu. Nimeanguka nayo tangu asubuhi mpaka saa nane, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Na nimepata! Gugu zima. Mizizi imezama kwenye tope, imetawanyika kama ndevu za mzee. Juu yake bua, majani ya nyuzi, vifuko vya mbegu mpaka kileleni, na ua dogo ambalo sijawahi kuliona kwenye korongo hili. Mteremko wangu ulikuwa kinamasi, nilijua tu.

Nimelibeba mgongoni mpaka nyumbani. Nimelisafisha. Nimekumbuka maneno ya Mwalimu: anachotaka ni mizizi.

Nimechukua msumeno, nimekata huko juu kote. Bua, majani, mbegu, ua, takataka zote nimetupa korongoni. Imebaki mizizi mitupu, pembe nne, imenyooka, safi kabisa.

Jumatatu nampelekea.